Kabla ya kuuliza ni sura ya nani, uliza ni jiwe gani

Kila baada ya miezi michache ile picha hurudi. Kichwa kikubwa cha jiwe, mashavu yamejaa, pua pana, midomo minene, kofia imekaza hadi kwenye nyusi, na chini yake maandishi: tazameni, babu zetu walifika Marekani kabla ya Columbus. Inazunguka kwenye simu kutoka Mkomani hadi Shela, na haipiti saa moja mjadala umeshageuka wa ukoo na rangi. Swali ambalo fundi yeyote wa mawe wa Lamu angeanza nalo halisikiki: hilo ni jiwe gani, limetoka wapi, na limefikaje hapo?

Ni basalti, jiwe la volkano, kutoka milima ya Tuxtlas katika jimbo la Veracruz, Meksiko. Waliolichonga tunawaita Waolmeki, jina walilobandikwa baadaye. Mji wao wa San Lorenzo ulistawi takriban kati ya mwaka 1200 na 900 K.K., kisha ukafuata La Venta hadi karibu 400 K.K. Vichwa vinavyojulikana ni 17: kumi San Lorenzo, vinne La Venta, viwili Tres Zapotes, na kimoja La Cobata. Kidogo kabisa kina urefu wa mita 1.47, kikubwa mita 3.4. Kile kinachoitwa Kichwa namba 1 cha San Lorenzo kina kimo cha mita 2.84 na uzito wa tani 25.

Sisi tumelelewa na jiwe lingine kabisa. Tumbawe la majini hukatwa likiwa bichi, na likiwa bichi linakubali shoka, tezo, hata msumeno. Ndiyo maana zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na mihrabu zetu zina nakshi nyembamba vile: fundi alimaliza kazi yake kabla jiwe halijakauka likakaza. Jiwe la nchi kavu la Maweni, kule Manda, ni gumu zaidi na lina mashimo, kwa hiyo linakwenda ukutani na kufunikwa lipu. Basalti haina ubichi wa kuwahi. Leo ni ile ile ya jana na ya miaka elfu ijayo. Madini yaliyomo yana ugumu wa kati ya 5 na 7 kwa kipimo cha Mohs, kinachopanda kutoka 1 hadi 10 ya almasi. Kisu cha chuma kina 5 na nusu hivi, tumbawe halifiki 4. Na uzito: mita moja ya ujazo ya basalti ni karibu tani 2.9. Tumbawe lililokauka la ukubwa huo ni takriban nusu yake.

Na hawakuwa na chuma. Hawakuwa na shaba pia. Nyundo yao ilikuwa jiwe.

Kuchonga jiwe kwa jiwe hakufanani na patasi. Ni kudonoa, kama kuku. Chukua jiwe la kugongea lenye ukubwa wa chungwa, gumu kuliko unalolichonga au sawa nalo, lisilo na ncha, maana ncha huvunjika mapema na vipande vyake vinarudi usoni. Piga wima, mkono umelegea kidogo ili jiwe lirudi lenyewe. Pigo halibandui kitu. Linaponda punje za uso wa basalti na kuacha doa jeupe la upana wa tembe ya dawa, na vumbi. Piga pembeni yake, kisha pembeni tena, hadi eneo la kiganja limekuwa jeupe lote, pangusa vumbi, kwa sababu vumbi likikaa linakuwa godoro na pigo linalofuata linapotea bure, anza upya. Ukichoka na kuinamisha pigo ili ubandue kipande kikubwa, unaanzisha ufa usiouona. Utauona siku utakapofika kwenye pua.

Jiwe la kugongea lenyewe huchakaa. Linaanza na pande, linaisha duara. Kwenye karakana za kale mawe kama hayo hupatikana yametupwa, na ukiyaona yametapakaa pamoja na vumbi na vipande vya basalti unajua kazi ilifanyika hapo hapo.

Baada ya kudonoa huja msasa: mchanga, maji, na jiwe bapa la kusugulia. Tundu za pua, mboni na pembe za mdomo zilitobolewa. Kanuni ni ya keekee, ila badala ya ncha ya chuma kuna utete au mfupa wenye uwazi ndani, unaozungushwa juu ya mchanga mkali uliolowa. Anayekata ni mchanga. Utete unaushika tu, nao unalika pamoja na jiwe. Tundu la namna hii huacha kijiti cha jiwe katikati kama kitovu, ambacho lazima kivunjwe na kusawazishwa, na mara nyingine alama ya duara hubaki chini.

Sasa turudi kwenye pua. Ukitaka pua itokeze sentimita 10 zaidi, huongezi jiwe, maana jiwe haliongezwi. Unashusha uso wote unaoizunguka. Uso wa mita 2 kwa mita 2 ni mita za mraba 4. Ukiushusha sentimita 10 umeondoa karibu mita 0.4 za ujazo, yaani zaidi ya tani moja ya basalti iliyosagwa kuwa unga kwa mkono. Halafu hiyo pua uliyoigharamia ndiyo itakayotangulia kugonga chini gogo la kusafirishia likiteleza. Pua pana na bapa ni nafuu, na ndiyo inayofika salama. Masikio yamelala, midomo haikutoka mbali, kofia imebana kichwa, hakuna shingo. Kitu chote ni yai. Fundi wa basalti anayejua kazi hatengenezi kitu cha kushikika.

Jiwe peke yake halielezi yote, tusidanganyane. Sura hizo hizo Waolmeki walizifinyanga kwa udongo, na udongo haukatazi pua ndefu. Walichonga watu waliowaona, watawala wao kwa kadiri inavyodhaniwa, kwani kila kichwa kina sura yake na kofia yake. Na ukitembea leo vijiji vya Veracruz na Tabasco utakutana na nyuso hizo, zikiwa na macho yale yaliyokunjika pembeni ambayo wanaosambaza picha hawayataji.

Hadithi ya Uafrika ina mwanzo unaojulikana. Msafiri José María Melgar y Serrano alikiona kichwa cha Tres Zapotes, na mwaka 1869 akaandika kwamba sura yake ni ya Kihabeshi. Alikuwa ameona kichwa kimoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanaakiolojia Matthew Stirling akaanza kuchimba, na wengine wamechimba baada yake hadi leo. Katika matabaka ya udongo waliyochimba hakijatoka kigae kimoja cha Afrika, wala ushanga. Sisi wa visiwa hivi tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa uzito wa jambo hilo. Tunajuaje kwamba miji yetu ya kale ya Manda na Shanga ilifanya biashara na Ghuba ya Uajemi na Uchina? Si kwa kutazama pua za watu. Ni kwa vigae vilivyochimbwa ardhini, kwa mamia. Mgeni anayekaa huvunja vyombo.

Kuna kilichonikera zaidi ya kosa lenyewe: ukishampa mgeni sifa, humwoni tena aliyefanya kazi. Na kazi ya kulileta lile jiwe ilizidi ya kulichonga.

Kutoka Tuxtlas hadi San Lorenzo ni zaidi ya kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Hadi La Venta ni karibu 100. Hapakuwa na punda, ng'ombe wala farasi. Gurudumu walilijua watu wa bara hilo kwenye vinyago vidogo vya wanyama vya udongo, lakini mkokoteni wa magurudumu bila mnyama, kwenye tope, hauna maana. Kwa hiyo ni kamba, magogo na watu.

Hesabu yake si ngumu, na yeyote aliyeshiriki kushua jahazi ataifuata. Jiwe la tani 25 juu ya sileji ya mbao, yaani kitelezi kisicho na magurudumu, kwenye udongo uliolowa na kuteleza, linahitaji nguvu ya karibu theluthi moja ya uzito wake: tuseme tani 7.5. Mtu mmoja kwenye kamba, akivuta kwa mfululizo si kwa mshtuko, hutoa kilo 30 hivi. Hao ni watu 250, bila kuhesabu uzito wa sileji, wanaohamisha magogo, wanaomwaga maji na wanaopika. Udongo ukikauka, msuguano unapanda hadi karibu nusu ya uzito, na watu wanakuwa zaidi ya 400. Mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi unaongeza wengine 80 na ushei. Na San Lorenzo imekaa juu ya uwanda ulioinuka takriban mita 50 kutoka bonde la mto. Umefika, umechoka, na bado kuna mlima.

Magogo ya kuviringisha yanapendwa sana na wachoraji wa vitabu. Kwenye ardhi ngumu yanafaa. Kwenye bonde linalofurika kila mwaka yanazama, na gogo moja likikaa upande linageuza mzigo wote. Pale kwetu chombo kinashushwa kwa mbao zilizopakwa mafuta, na sababu ni hiyo hiyo: reli inayoteleza inasamehe kuliko gogo linaloviringika.

Kwa njia ya maji? Inawezekana kabisa, mito ipo, lakini piga hesabu kabla ya kusema "waliweka kwenye mtumbwi". Mti wa wastani una uzito wa kilo 600 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya ujazo inabeba kilo 400 tu juu ya uzito wake. Tani 25 zinataka mita za ujazo 63 za magogo. Hiyo ni chelezo ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 80, na hapo imeshazama hadi usawa wa maji bila mtu hata mmoja juu yake. Mto usiopungua kina cha mita moja unusu njia nzima ndio utakaoipitisha. Msijaribu kwa boriti mbichi za mkoko: zinazama zenyewe.

Ili kupunguza mzigo, walianza kuchonga kule kule lilikotoka jiwe. Llano del Jícaro, chini ya milima, kuna karakana yenye vipande vilivyokatwa nusu nusu na kuachwa. Kila tani iliyodonolewa machimboni ni watu kumi waliopungua kwenye kamba. Lakini usimalize: sura kamili itaharibika njiani. Ni kipimo kigumu, na ndiyo maana mawe mengi yaliyoachwa yana umbo tu, hayana uso.

Kwa bei hiyo, jiwe likishafika halitupwi. Nyuma ya vichwa vingi ni bapa, na kwa miaka mingi ilidhaniwa viliegemezwa ukutani. Tazama Kichwa namba 7 cha San Lorenzo ubavuni: kuna mabaki ya shimo lililochimbwa ndani ya jiwe, mfano wa kidaka. Kidaka kama hicho ndicho kinachokaa mbele ya viti vya enzi vya Waolmeki, vile vilivyoitwa madhabahu zamani, ambapo mtu amechongwa amekaa anatoka kwenye pango. Kichwa namba 2 kina dalili hiyo hiyo. Yaani kiti cha enzi kiligeuzwa kikasimama kwa ubavu, kisha kikachongwa upya kuwa kichwa. Mtafiti James Porter alilieleza hilo mwaka 1989. Huenda mtawala alipokufa kiti chake ndicho kilichogeuzwa sura yake. Hilo ni dhana, ila alama za kidaka si dhana. Na mtu wa kawaida akiona ule uso bapa wa nyuma hapaswi kuwaza ukuta. Awaze kiti.

Kwa Wamaya, watu wengine wa kale wa upande huo, mambo yanabadilika kwa sababu jiwe linabadilika. Copan, iliyopo Honduras ya leo, walichonga tufa, majivu ya volkano yaliyoshikamana. Hili ndilo binamu wa tumbawe letu kwa tabia: likitoka machimboni ni laini, likikaa hewani linakaza. Matokeo yake unayaona bila kuambiwa. Nguzo za mawe zenye sanamu za Waxaklajuun Ubaah K'awiil, aliyetawala Copan kuanzia 695 hadi 738, zimechimbwa kwa kina hadi sanamu karibu isimame yenyewe, na manyoya na vito vimening'inia. Basalti isingeruhusu. Tatizo la tufa ni vifundo vya jiwe gumu la gumegume vilivyofichika ndani. Fundi anachonga shavu, ghafla chombo kinadunda. Kukitoa kifundo ni kuacha shimo. Kukisawazisha ni kazi ya siku nyingi. Mara nyingine walikiacha kitokeze hivyo hivyo, na ukiwa hujui utadhani ni pambo.

Tikal na Calakmul, miji mingine ya Wamaya, walikuwa na jiwe la chokaa. Linachongeka kwa gumegume bila shida, na mvua nayo inalichonga bila shida. Calakmul imepatikana na nguzo 117, na nyingi zimelika hadi maandishi hayasomeki. Jiwe hilo hilo walilichoma juu ya rundo la kuni kupata chokaa ya lipu na sakafu, kama tulivyochoma matumbawe juu ya magogo ya duara hadi juzi juzi. Wenye nyumba za kale mjini wanaopiga simenti juu ya ukuta wa chokaa na kushangaa unatoa chumvi na kumomonyoka wangeeleweshana vizuri na fundi wa Tikal.

Kubwa kuliko zote za Wamaya ipo Quirigua, Gwatemala: Nguzo E, iliyosimamishwa mwaka 771 na mfalme K'ak' Tiliw Chan Yopaat, yule ambaye mwaka 738 alimteka huyo mtawala wa Copan. Ni jiwe la mchanga, urefu wote mita 10.6, uzito karibu tani 65. Mita 7.6 zipo juu ya ardhi na karibu 3 chini. Angalia uwiano huo: zaidi ya robo imezikwa. Hakuna msingi wa simenti wa kuisaidia. Ni shimo, mawe ya kukazia, na udongo ulioshindiliwa. Kuisimamisha nguzo ya namna hii unachimba shimo lenye ukuta mmoja wima na mwingine mteremko, unaiteremsha kwa kitako hadi iguse ukuta wima, kisha unaivuta kwa kamba huku wengine wanajaza tuta nyuma yake ili isirudi. Hatari ipo kwenye nyuzi kumi za mwisho, pale uzito unapohamia upande wa pili na waliokuwa wakivuta wanatakiwa kugeuka wazuiaji. Bila kamba za nyuma, inapitiliza.

Bonde la mto Motagua ni tope. Mwaka 1917 nguzo ilianguka, na haikuvunjika. Mwaka 1934 wakaja na winchi na kamba za chuma kuiinua. Kamba zikakatika, ikadondoka ikavunjika vipande viwili. Leo imeunganishwa kwa zege. Jiwe la mchanga linastahimili kubanwa, halistahimili kupinda, na nguzo ndefu iliyoinuliwa nusu, imeshikwa sehemu moja tu, inapinda kwa uzito wake. Wale wa 771, kwa kamba za nyuzi za miti, waliifikisha salama.

Watolteki wa Tula, huko Meksiko, walipata njia ya kukwepa balaa hilo. Mashujaa wao wanne wa basalti wana urefu wa mita 4.6, lakini kila mmoja ni vipande vinne vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, chenye ulimi kikaingia kwenye tundu la mwenzake, kama fundi seremala anavyounga mguu wa kitanda. Unabeba robo ya uzito. Unachopoteza ni mistari ya maungio kupita katikati ya mwili, na ukipima vibaya kiuno hakikai sawa na paja.

Waazteki walirudia kiburi cha jiwe moja. Jiwe la Jua, lililofukuliwa kwenye uwanja mkuu wa Jiji la Meksiko tarehe 17 Desemba 1790, ni basalti yenye kipenyo cha mita 3.58 na uzito wa tani 24 na nusu. Duara lake limekaa ndani ya pande la jiwe lisilo na umbo, na ukingo huo mbaya hukatwa kwenye picha za fulana. Likawekwa ukutani nje ya kanisa kuu, likinyeshewa hadi 1885. Rangi zake nyekundu na za manjano zimebaki chembe tu. Ukitaka kujua mawe haya yalivyoonekana, tazama Tlaltecuhtli, iliyopatikana Oktoba 2006 karibu na Hekalu Kuu: andesaiti ya tani 12, mita 4.17 kwa 3.62, imevunjika vipande vinne, na bado ina nyekundu, nyeupe, nyeusi, buluu na manjano ya udongo. Haya mawe ya kijivu tunayoyaheshimu kwa ukimya wake yalikuwa yamepakwa rangi kama ubavu wa dau la sherehe.

Yalianguka pia. Masimulizi ya Waazteki yaliyoandikwa na mtawa wa Kihispania karne ya 16 yanataja jiwe la mfalme wao Moctezuma lililovunja daraja la Xoloco na kuzama na watu waliokuwa wakilivuta. Boriti za daraja zilikuwa zimeongezwa makusudi kwa ajili yake, na hazikutosha.

Na lipo ambalo halikwenda popote. Kwenye korongo la Coatlinchan, mashariki ya jiji, lilikuwa limelala chali jiwe la urefu wa mita 7 linalosemekana kuwa Tlaloc, mungu wa mvua, uchongaji wake haujakamilika. Tani 168, karibu mara saba ya Jiwe la Jua. Kwa hesabu ile ile ya tope na kilo 30 kwa mtu ni karibu watu 1,700 kwenye kamba, na katika korongo hakuna nafasi ya kuwapanga. Mwaka 1964 serikali ililichukua kwa trela maalumu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, baada ya wanakijiji kuharibu vifaa vya kwanza na wanajeshi kuletwa. Lilifika mjini Aprili 16, msimu wa kiangazi, na mvua kubwa ikanyesha. Sasa limesimama nje ya Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, na mtu akisogea karibu anaweza kutofautisha palipodonolewa na palipoachwa.